Unyoya Ndani ya Jiwe

Jumatatu, 6 Mei 1985

Sare za shule tangu asubuhi. Uzi mweusi umeisha, nimemalizia na wa buluu, nani atainama kuangalia upindo wa kaptula. Mama anagombana na mbabula, jiko letu la makaa, huko nje. Makaa ya wiki hii ni moshi mtupu, na yule mwanamke aliyetuuzia anajua.

Mukendi hajapita leo. Yuko gare, stesheni ya gari la moshi, kwenye meza yake ya tiketi. Mwezi wa sita ukifika katikati wanamhamisha Mwene-Ditu, kule kwao Kasai. Tukikubaliwa kuoana kabla ya hapo, ninapanda gari la moshi pamoja naye. Tusipokubaliwa, anakwenda peke yake na mimi ninabaki hapa Kikula na kaptula za watoto wa watu. Ndiyo hali yangu. Ninaiandika ili niione vizuri.

Jana alikuja kubisha hodi rasmi na baba yake mdogo. Baba aliwapokea vizuri. Akawapa munkoyo wanywe, akauliza habari za gari la moshi, akauliza habari za mvua za Kasai. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha pembeni, nikajua mambo yameharibika.

“Bakasai munasemaka almasi yote iko ya kwenu. Bon. Mutoto yangu hataposwa na pete ya waya. Mulete pete ya almasi, njo tutaongea mambo ya mali.”

Nilikuwa jikoni. Mwiko ulikuwa mkononi, bukari motoni. Nilitaka kwenda kumpiga nao baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. Alijua karani wa tiketi hawezi. Ndiyo maana alisema.

Mukendi akajibu ndiyo. Mbele ya watu wote. Mpumbavu wangu huyo.


Alhamisi, 9 Mei

Kuna fundi wa pete nyuma ya soko, Msenegali, jina lake Demba. Ana mawe aliyoyang'oa kwenye pete za Wazungu walioondoka. Mukendi ameshaongea naye.

Ameuza redio yake. Nimelia kidogo kwa ajili ya ile redio. Tulikuwa tunaisikiliza pamoja kwenye benchi la gare, sauti chini, vichwa vimegusana. Ananiambia redio ni kitu tu. Najua ni kitu. Niache nililie.


Jumamosi, 18 Mei

Salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, mpaka saa sita. Mtaa mzima tumeinama kwenye mtaro na majembe, na mkubwa wa mtaa amesimama pembeni na suti yake ya abakosti imepigwa pasi. Nimerudi, nimenawa, nimevaa ile blauzi ya kijani. Tumekwenda kwa Demba.

Ni mtu mrefu, haongei haraka. Alitandika karatasi nyeupe mezani, karibu na dirisha, akamwaga mawe matatu. Hakuwasha taa. Alisema taa ni ya wauzaji waongo.

Mimi nilidhani almasi ni almasi, basi. Kumbe zina ndani. Kila moja ina ndani yake, kama nyumba za watu.

Ametupa lupu, kile kioo kidogo cha kukuza ambacho mtu anakibana karibu na jicho. Jiwe la kwanza lilikuwa kubwa kuliko yote. Ndani yake madoa meusi, kama mtu ametikisa masizi ya chungu. Demba anasema ni makaa. Eti almasi yote ilikuwa makaa huko chini ya ardhi, na mara nyingine kidogo hubaki bila kugeuka. La pili lilikuwa na ukungu, kama maji ya kuoshea mchele. La tatu lilikuwa dogo. Kwa jicho langu, hakuna kitu. Mwanga unaingia na kutoka. Nikaweka lupu jichoni, nikatafuta, nikatafuta. Pale ukingoni nikaona mstari mweupe, mwembamba, umejikunja. Unyoya. Hata Demba anauita hivyo hivyo, unyoya.

Nikamwuliza kama yupo mtu anayeuza jiwe lisilo na kitu chochote ndani. Akacheka. Akasema ni la wafalme, na hata wafalme wanadanganywa. Kwa watu kama sisi, kuchagua jiwe safi ni kujua kilicho ndani kiko wapi, na kama siku moja kitaliumiza.

Akatuonya pia. Almasi haikwaruzwi na kitu. Lakini ukiigonga vibaya, inapasuka, na hii itapasukia hapo penye unyoya. Ataufunika na ukucha mmoja wa pete, kile kijino kinachoshika jiwe, tusiogope, ila tusiigonge. Mukendi akacheka, nani atagonga pete. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimeng'ang'ania lupu.

Halafu tukagombana. Yeye anataka lile kubwa, Baba alione hata akiwa barabarani. Mimi ninataka dogo. Mimi nashona, nimezoea kuinua kitenge juani kabla ya kukikata, na kile chenye madoa sikikati hata kikiwa cha bure. Nikamwambia: nitakayeivaa ni mimi, Baba hatalala nayo.

Nimeshinda. Tumechukua dogo. Njia nzima ya kurudi tulitembea bila kusema, tunacheka wenyewe kwa wenyewe tu, watu wa soko wanatuangalia.


Jumapili, 19 Mei

Misa ya kwanza. Baridi imeanza. Padri aliniita Veronika, jina la ubatizo. Kwenye kitambulisho mimi ni Mwape tu, yale ya ubatizo serikali iliyafuta kwa wote.

Nilisali vibaya sana. Nilikuwa nawaangalia mama wote na pete zao za shaba, nafikiri: hakuna mtu humu ndani anayejua kwamba kuna unyoya. Mimi na Mukendi na Msenegali mmoja. Nina furaha mpaka naona haya.


Jumanne, 28 Mei

Baba amerudi kutoka mgodi wa Kamatanda na vumbi mpaka kwenye kope. Tulikula bukari na samaki wa thomson. Alikuwa na roho nzuri, jambo la kuandikwa.

Leo wamebadilisha kuroni ya mashine. Kuroni ni ile pete nene ya chuma mwisho wa bomba la kutobolea miamba, imejaa vipande vya almasi kama meno. Baba anatoboa ardhi tangu ujana wake, ili wakubwa wajue shaba iko wapi. Hakuna mtu Kikula aliyeshika almasi nyingi kama yeye, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Zamani, anasema, ukikutwa na moja mfukoni ni buloko moja kwa moja, mke wako atakuletea chakula gerezani.

Akatueleza zilivyo. Nyeusi nyeusi, nyingine kijivu, nyingine kama sukari iliyoungua. Mbaya kutazama. Lakini mashine yote inazikalia juu, na mwamba uko chini, na zenyewe zinakula mwamba bila kusema kitu. Aliongea kwa upole, kama anaongea habari za rafiki zake wa kazi. Mama akamwambia hata yeye hajawahi kuongelewa hivyo.

Tulicheka wote. Nilikwenda kulala nimefurahi kwamba Baba anaweza kutaja almasi bila kuwatukana Wakasai.


Ijumaa, 7 Juni

Kesho.

Munkoyo iko tayari. Kuku wamefungwa nyuma ya nyumba. Shangazi Feli amekuja, dada ya Baba, na amri zake. Ananifundisha kama mtoto. Nitakaa chumbani, kitenge kichwani mpaka usoni, yeye pembeni yangu. Sitatoka. Sitakohoa. Wanaume wataongea huko nje, watatoa walichokileta, Baba atakitazama. Mwishoni ndipo nitaitwa. Nitaulizwa kama namfahamu kijana huyu, na kama wapokee kitu chake. Nikisema ndiyo, yamekwisha.

Mpaka niitwe, mimi sina mdomo.

Jioni nilitoroka kwa Demba kwa kisingizio cha vifungo. Mukendi alikuwepo. Pete imekamilika. Niliivaa mara moja tu, nikaivua, isije ikazoea kabla ya wakati. Ukucha umefunika unyoya vizuri sana. Ukiambiwa upo, bado huuoni.

Nimejizoeza jibu langu mbele ya cherehani. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Nguo inapita chini ya sindano na mimi ninasema ndiyo kama mwendawazimu.


Jumamosi, 8 Juni

Hawakuniita.


Jumapili, 9 Juni

Sikwenda misa. Nitaandika nilivyosikia, kwa sababu kuona sikuona. Nilikuwa chini ya kitenge.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Baba mdogo wa Mukendi alisema maneno yake, mbuzi waliyemleta akasifiwa, watu wakacheka. Kisha kimya. Nikajua pete imetoka.

Shangazi Feli akanibana mkono. Nikamsikia Baba anasogeza kiti, anakwenda kwenye jua. Halafu sauti yake, bila hasira, hilo ndilo linaloniua, bila hasira kabisa:

“Hii inapitisha mwangaza kama chupa. Almasi minye ninazijua. Hii haiko almasi.”

Baba mdogo wa Mukendi akasema ni almasi, safi, wamwite Demba aje aape. Baba akasema hahitaji Msenegali, iko njia fupi. Nikasikia hatua zake zinakwenda nyuma ya nyumba. Huko nyuma kuna kile kipande cha reli anachonyooshea misumari. Kila mtu wa mtaa huu anajua mlio wake.

Mukendi akapaza sauti. “Baba, hapana, tafazali. Inaweza kupasuka.”

Hapo akawa amejimaliza. Nilisikia ua lote linavuta pumzi. Almasi gani inayopasuka? Na mtu gani anaogopa nyundo, kama si mwenye kujua alichokileta? Alikuwa anajua unyoya. Mimi pia nilikuwa najua. Nilisimama. Shangazi Feli alinivuta kitenge mpaka nikaketi, akaniambia nikitoka kabla ya kuitwa, nimejiuza mwenyewe kama kuku, na hakuna atakayewaheshimu hao watu tena. Nikaketi. Mama yangu! Niliketi.

Mlio mmoja. Mdogo. Msumari unalia zaidi ya hapo.

Mtu mmoja akasema: chupa. Mwingine akarudia. Baba mdogo wa Mukendi akasema amekuja kuomba mke, hakuja kuitwa mwizi, na watu wa kwao hawarudi kwenye ua ambapo kitu chao kimepigwa nyundo. Wakamfungua mbuzi. Nilimsikia anavutwa barabarani, analia.

Baba aliingia ndani. Hakuwa amefurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwokoa mtoto wake kwenye moto. Akasema, mwanangu, walitaka kukuchukua na chupa.

Nilimchukia. Bado namchukia. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine.

Asubuhi hii nilipiga magoti kwenye kile kipande cha reli. Pete imekuwa bapa. Niliokota punje moja yenye ncha, ndogo kuliko mchele, na unga unga wa kung'aa uliobaki kwenye saruji. Niliuokota kwa kidole nilicholowesha mate. Ulifanana na kilauri kilichovunjika. Kweli ulifanana.


Jumanne, 11 Juni

Nimekutana na Mukendi kwenye benchi letu, nyuma ya gare. Amekonda kwa siku hizi chache, au ni macho yangu.

Alisema twende. Kwa baba zake yamekwisha, kwa baba yangu yamekwisha, lakini yeye bado yupo, na gari la moshi lipo. Nipande naye wiki ijayo, tutafunga ndoa kule kwa padri yeyote. Alisema yote hayo haraka, kama amejizoeza. Nilikuwa tayari. Naapa nilikuwa tayari.

Nikafungua leso nimwonyeshe nilichookota. Nilitaka tuvizike pamoja. Punje moja na vumbi. Tukavitazama wote wawili, juani, juu ya goti langu.

Akaniuliza polepole: “Na weye? Weye pia unawaza ni chupa?”

Nilipaswa kusema hapana. Niliuona unyoya kwa jicho langu. Lakini nilikuwa namsikia Baba, na ule mlio, na lile vumbi lilikuwa vumbi la chupa mbele ya macho yangu. Nikafikiri, labda Demba alitudanganya wote wawili. Nikasema:

“Sijui.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema aksanti, Mwape, kama mtu anayerudisha chenji dirishani. Akainuka akaenda kazini, na kengele ya kazi ilikuwa bado haijalia.


Ijumaa, 14 Juni

Kaptula. Upindo. Kaptula.

Nimekwenda gare mara ya pili leo. Wananiambia hayupo. Nimeiona baiskeli yake ukutani.


Jumatano, 19 Juni

Gari la moshi la Kasai limepita. Nilikuwa nanunua sombe sokoni. Nilisikia honi, nikaendelea kuchagua majani, muuzaji akaniambia mama, hayo yameoza, unaweka nini kwenye kikapu?

Hakuniaga.

Baba amerudi na karanga, zile ninazopenda. Ameziweka juu ya cherehani. Sikuzigusa. Mama amezila jikoni, anatafuna polepole ili nisisikie.


Jumamosi, 29 Juni

Siku ya mposho. Wamekwenda wote kusimama mstari wa unga. Nimebaki peke yangu.

Sijui kwa nini leo. Nilikuwa nakata uzi, mkasi ukagusa kioo cha dirisha, nikaangalia, hakuna alama. Nikakumbuka maneno ya Demba. Haikwaruzwi na kitu. Basi yenyewe je, inakwaruza kioo?

Nilichukua kwanza kipande cha chupa ya bia, nikakiburuta kwenye kioo. Kiliteleza. Nikachukua koleo la Baba, nikaibana ile punje, nikaigusisha kwenye kioo na kuivuta chini.

Ililia. Sauti nyembamba ya kukata. Nikaangalia. Mstari. Umetoka kwenye kona mpaka katikati, mweupe, na ukipitisha ukucha unakwama ndani yake.

Nilikaa chini. Nililia mpaka nikatapika.

Almasi. Ilikuwa almasi siku zote. Mukendi hakusema uongo hata neno moja, Demba hakusema uongo, jicho langu halikusema uongo. Na tungechukua lile kubwa lenye makaa ndani, Baba angelitazama juani, angeona ule weusi anaoujua kazini, angesema hii kweli ni almasi, na leo ningekuwa Mwene-Ditu. Mimi ndiye niliyetaka safi. Nilichagua jiwe zuri sana, lile ambalo baba yangu hajawahi kuliona.

Lakini si hilo. Jiwe lilivunjwa na Baba. Lakini ile “Sijui” ni yangu.


Alhamisi, 4 Julai

Sikuandika barua. Ingesomwa na baba zake kwanza. Nimekwenda gare, nimemtafuta Kabeya, yule anayekagua tiketi ndani ya gari la moshi, rafiki yake tangu shule. Nimempa ujumbe wa mdomo. Amwambie Mukendi: nimejaribu punje kwenye dirisha, kioo kimekatika. Amwambie ninajua sasa. Amwambie akiniita nitakuja hata na nguo hizi nilizovaa.

Kabeya alirudia maneno yote bila kukosea. Ana moyo mzuri. Hakunitazama machoni.


Jumatatu, 22 Julai

Baridi kali. Vumbi la Kamatanda limejaa kwenye mapazia.

Baba alikuja chumbani kuniuliza kama nimeliona koleo lake. Alisimama mlangoni. Jua lilikuwa linaingia kwa upande, mstari kwenye kioo unawaka. Akauona.

Akasogea. Akapitisha kidole gumba juu yake, kutoka juu mpaka unapoishia. Akarudia. Baba yangu anajua kinachokata hivyo. Hakuna mtu Kikula anayejua kuliko yeye. Punje ilikuwa kwenye kisahani cha sindano, pale pale. Aliitazama, hakuishika.

Mimi sikumsaidia. Nilikuwa nimeingoja siku hii, nimeyapanga maneno yote ya kumwangushia, na yalikuwa makali. Nikamtazama. Alikuwa anapumua kwa mdomo, kama amepanda mlima. Maneno yote yakaniishia.

Akaondoka bila koleo.

Hakula leo. Mama anadhani ni malaria.


Alhamisi, 25 Julai

Nyundo haipo nyumbani. Kile kipande cha reli pia hakipo. Mama ameuliza, Baba amesema amempa mtu. Mtu gani? Mtu tu.

Alipokuwa anavaa viatu, mgongo wake kwangu, akaniuliza gari la moshi la Kasai hupita siku gani siku hizi. Nikamwambia. Akasema hm. Akafunga kamba za viatu muda mrefu sana.

Amechelewa, Baba. Lakini nimempashia maji ya kuoga, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu siku ile.


Ijumaa, 9 Agosti

Kabeya amerudi. Alinikuta sokoni, akanivuta pembeni kwenye magunia ya mahindi.

Alimkuta Mukendi mzima. Ana chumba karibu na gare ya kule. Alimpa ujumbe wote. Mukendi alisikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie ile sehemu ya dirisha. Kisha akajibu hivi, na Kabeya amenipa maneno yenyewe:

“Umuambie, minye nilikuwa nayua. Sikumuuliza ili niyue.”

Basi. Hakuna lingine. Nilimwuliza Kabeya kama ana uhakika hakuna lingine. Akasema, dada, hakuna.

Nimeelewa. Hata mtoto angeelewa. Jiwe alikuwa analijua. Siku ile kwenye benchi alitaka mtu mmoja, mmoja tu katika mji mzima wa Likasi, amwambie hapana bila kwenda kwenye dirisha kwanza. Na huyo mtu nilikuwa mimi.

Nimenunua mahindi. Nimerudi nyumbani. Nimepika.


Jumamosi, 24 Agosti

Sare zimeanza kuja nyingi, shule zinafunguliwa. Uzi mweusi upo. Baba yuko Kamatanda mpaka kesho.

Mama amesafisha nyumba yote leo kwa sababu ya vumbi. Ameingia chumbani na ndoo, kitambaa na gazeti la zamani, ameanza na dirisha langu. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, mgongo kwake. Nikasikia anasugua. Anasugua, anatia maji, anasugua tena mahali pale pale, ananung'unika uchafu gani huu wa kichwa ngumu. Hakuna aliyemwambia. Wala Baba, wala mimi.

“Mama,” nikageuka, nikamwambia, “hiyo haitoki.”

Akasugua mara moja tena. Akaweka kidole pale, akakiburuta mpaka chini, akageuka kunitazama. Halafu akakamua kitambaa chake, akahamia kwenye kioo cha pembeni.

Nimemaliza kaptula tatu. Nimepinda vizuri, kwa uzi mweusi, hata pale ambapo hakuna atakayeangalia.